Utepe Uliopakwa Wino

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na lile goti limepunguza kelele. Mimi sijambo, ila mafua hayaniishi kwa sababu ya kutoka chumba cha mvuke na kuingia moja kwa moja kwenye upepo wa asubuhi. Mwambie baba soksi ya mguu wake nimeipata. Nitaituma kwa mtu wa kuaminika, si yule dereva wa safari iliyopita aliyeivaa mwenyewe. Mwenzangu wa chumba, yule muuguzi wa wodi ya watoto, anakusalimu. Bado anakoroma na bado anakataa.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kuta za nyumba hizi za wafanyakazi ni nyembamba, na yupo jirani akinisikia nasema hallo tu, anapunguza redio.

Shangazi, wewe ulikuwa muuguzi, utanielewa haraka. Unajua kazi yangu: vifaa vya upasuaji vikishaoshwa navifunga kwenye kitambaa, nabandika utepe wenye mistari, kisha furushi linaingia kwenye mtambo wa mvuke. Joto likifika, mistari inageuka myeusi. Isipogeuka, furushi halijaiva na haliruhusiwi kumgusa mgonjwa. Basi Alhamisi iliyopita nilishika furushi lililokwisha kupitishwa, glavu yangu ikiwa na maji, na ule weusi ukanitoka kwenye vidole kama wanja wa mtu aliyelia. Utepe ulioiva hauchuji. Ule ulikuwa wino.

Mtambo tunauendesha watu wawili, mimi na Mzee Kimya. Jina hilo alipewa na wauguzi, na amelistahili; anaweza kumaliza wiki na maneno sita, manne yakiwa salamu. Siku mbili kabla ya hapo nilimwona akiingiza vipande vya utepe kwenye mfuko wa koti. Nilipomuuliza akasema, "Takataka." Takataka gani mtu anatembea nayo mfukoni?

Nimejaribu kusali juu ya jambo hili, na nikisikiliza vizuri naona ninachomwomba Mungu ni nisiwe nimeona. Niambie nifanye nini. Na tafadhali, libaki kati yetu wawili.

Mwanao,
Chiriku


21 Februari

Chiriku wangu,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika Jumatatu, bahasha nzima. Goti ni lile lile. Baba yako amefurahia habari za soksi kuliko habari zako. Mke wa kaka yako amejifungua mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti. Kwaya imenipokonya mstari wa mbele eti kwa sababu nakaa kabla wimbo haujaisha.

Sasa hilo jambo lako. Una hakika ulichokiona? Glavu zina unga, maji yana dawa, na macho yakishachoka yanaona mengi. Mimi nimefanya kazi hospitali miaka kumi na tisa, nimeona watu wakiharibiwa na neno moja lililotoka kabla ya wakati wake. Huyo mzee ana familia. Na wewe una miezi minane tu hapo.

Usimpelekee Metroni maneno ambayo huna hakika nayo. Ni mtu wangu, unajua nani alikusemea ukapata kazi hiyo. Ana mzigo mkubwa na anastaafu mwaka huu. Mwache amalize kwa amani.

Umeandika popote? Daftarini, au kwenye karatasi yoyote? Kama umeandika, niambie ni wapi. Na umemwambia nani mwingine?

Sali, mwanangu, kisha unyamaze. Kunyamaza nako ni kumtegemea Mungu. Barua hii ukishaisoma ichane.

Shangazi yako


15 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu. Soksi imeondoka jana na mhasibu wa hapa, ambaye ana miguu mikubwa, kwa hiyo haina hatari.

Barua yako sikuichana. Niliisoma mara ya pili nikashangaa kwamba maswali yako yote ni juu ya nani anajua, na hakuna hata moja juu ya wagonjwa. Basi nikuambie. Mama mmoja aliyejifungua kwa upasuaji mshono wake umetunga usaha. Fundi bomba aliyetolewa kidole tumbo naye vilevile. Daktari wa upasuaji anazunguka wodini akiuliza wauguzi kama wananawa mikono, nao wamenuna.

Jumanne saa sita mchana nilirudi kwenye chumba cha mvuke kuchukua mkasi. Metroni alikuwa peke yake, amenipa mgongo, ameinamia meza yenye mafurushi ya kesho yake. Aliposikia mlango akageuka akatabasamu, akasema anarekebisha tarehe. Chumba kilinuka wino. Nikamwambia, "Pole na kazi, mama," nikachukua mkasi nikatoka. Huo ndio ujasiri wangu wote wa siku ile.

Jumatano tulikuwa kwenye kikundi cha sala, ambacho yeye ndiye kiongozi. Baada ya wimbo wa pili akazungumza juu ya roho ya kushuku. Akasema, bila kumtazama mtu, "Wapo wenzetu wanaoona wanja wa mtu aliyelia hata pale ambapo hakuna aliyelia."

Maneno hayo, Shangazi, niliyaandika mara moja tu, nikakutumia wewe. Sijayatamka kwa mdomo, hata kwa mwenzangu wa chumba. Kwa hiyo ama kuna mtu anafungua barua zangu, ama umemwandikia. Nimeikagua bahasha yako, gundi ilikuwa safi.

Ulimwandikia?

Chiriku


9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Soksi imefika, baba yako anaivaa hata akilala. Mtoto amebatizwa Jumapili, akamtapikia mchungaji. Mvua imeanza na paa la jikoni linavuja pale pale. Fundi ameahidi kuja, kama alivyoahidi mwaka jana.

Nakuombea kila asubuhi. Kula vizuri.

Shangazi yako


6 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Namshukuru Mungu mtoto amebatizwa. Nyumbani wasalimie wote.

Swali langu hukulijibu, na kwangu hilo limekuwa jibu. Wiki tatu sikuwa na hamu ya kukuandikia. Leo naandika kwa sababu sina mtu mwingine wa kumsimulia. Hata kama nawe utayapeleka unakoyapeleka, hakuna tena kilichobaki cha kuficha.

Jumatatu ya wiki iliyopita kulikuwa na mgonjwa wa ngiri, mwashi, mtu wa makamo aliyeingia akitaniana na wauguzi. Furushi lake lilikuwa mikononi mwangu. Mistari myeusi kabisa, nzuri mno, na mmoja umepinda mwishoni pale kalamu ilipoteleza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa majuma mengi, nikidhani siku ikifika nitajisikia shujaa. Sikujisikia hivyo. Nilienda chooni, nikashika mpini wa mlango nikasali. Nilimwambia Bwana kwamba hata yeye aliogopa kule bustanini, jasho likamtoka, akaomba apitishwe pembeni. Kwa hiyo hawezi kuniona wa ajabu. Nikamwambia siombi hofu iondoke, nitaisubiri hadi lini. Nataka tu miguu inifikishe pale dirishani. Hakuna kilichobadilika. Hofu ilikuwepo, na nikatoka nayo.

Kwenye kile kidirisha cha kupitishia vifaa, muuguzi wa chumba cha upasuaji alinyoosha mikono. Nikasema, "Furushi hili halijaiva. Sitalitoa."

Akacheka, akadhani ni mzaha. Kisha akamwita Metroni. Metroni akaja akaweka mkono begani kwangu, kwa upole kabisa. "Toa furushi, mwanangu. Watu wanasubiri."

"Hapana, mama."

"Utepe hauuoni?"

"Nauona. Ndiyo maana."

Daktari akatoka, barakoa shingoni, akauliza kuna nini. Sikuwa na maneno ya kutosha, Shangazi, mimi ambaye mlinipa jina la ndege wa kelele. Nilichukua pamba, nikailowesha, nikaipitisha juu ya utepe. Mistari ikafutika yote. Chini yake palikuwa pamepauka kama vile utepe haujaingia kwenye mvuke kabisa.

Metroni akasema mimi ndiye niliyepaka, kumharibia, kwa sababu aliwahi kunionya kazini. Alisema bila kupandisha sauti, na niliona muuguzi akianza kumwamini. Hapo ndipo Mzee Kimya akasogea kutoka kwenye mtambo akifuta mikono. Akatoa bahasha kwenye mfuko wa koti, akaimimina juu ya meza. Vipande vya utepe arobaini na kimoja, vimepauka, kila kimoja kimeandikwa tarehe na namba ya furushi kwa penseli. Alikuwa akikata kipande kabla Metroni hajaja kukagua.

Akasema, "Nimevitunza tangu Januari. Kila asubuhi nilikuja nikikusudia kuvionyesha. Mafurushi nilikuwa nayarudisha mtamboni mara mbili, tatu, lakini joto halifiki. Nilikuwa naogopa. Binti huyu hajapaka kitu."

Nilimshuku mtu huyo miezi mitatu; hata baada ya kumfuma Metroni nilidhani wanashirikiana. Nilikuwa nahesabu hata maji anayokunywa.

Operesheni zimesimamishwa hadi fundi wa mtambo aje. Metroni amepewa likizo asiyoiomba. Kabla hajaondoka tulikutana ukumbini, akaniuliza, "Niliripoti ubovu wa mtambo mara mbili wakaniambia nisubiri. Ningefunga? Mama mwenye uchungu uliokwama ungempeleka wapi, saa nne za barabara mbovu? Umeshawafikiria watakaofia njiani?" Jumamosi wamempeleka mmoja. Hadi ninapoandika hatujapata habari zake wala za mtoto. Nasali, na safari hii siombi kutojua.

Mezani nakaa peke yangu. Mwenzangu wa chumba ameanza kufunga kabati lake kwa kufuli. Sielewi anadhani nitamwibia nini, ila hofu yake naielewa.

Sitakuuliza tena.

Chiriku


2 Juni

Mwanangu,

Marahaba, ingawa sistahili salamu yako. Baba yako hajambo. Habari nyingine za nyumbani hazina haraka.

Nilimwandikia. Siku ile ile barua yako ilipofika, kabla hata ya kula. Niliandika maneno yako kama yalivyo, pamoja na hayo ya wanja, kwa kuwa yalinitisha. Nilijiambia nakulinda usifukuzwe. Nilijiambia hivyo hadi nikaamini. Uliponiuliza, nilianza barua nne, zote nikazichoma jikoni, nikakutumia ile ya paa.

Sikiliza sababu yenyewe. Miaka ishirini na sita iliyopita, mimi na yeye tulikuwa wauguzi wa wodi moja. Kulikuwa na mwanamke mgonjwa wa kifua, kijana, mshonaji. Nilisoma vibaya karatasi yake, na kwa siku sita nikamchoma sindano ya dawa kali, dozi mara mbili ya iliyoandikwa. Siku ya saba akaniambia masikio yanalia kama kengele. Siku ya kumi hakusikia tena kitu. Hajasikia hadi leo.

Mwenzangu ndiye aliyegundua. Alikaa nami kwenye ghala la mashuka nikilia, kisha akaenda akaandika karatasi upya, ikaonekana kwamba dozi ilikuwa sahihi na ugonjwa ndio uliopanda kichwani. Daktari akaamini. Sikumwomba afanye hivyo. Sikumzuia pia. Baadaye hakuwahi kunikumbusha, hata mara moja, lakini kila nilipomwomba jambo au aliponiomba jambo, lile lilikuwa limekaa katikati yetu kama mtu wa tatu. Nilipoomba akutafutie kazi alisema, "Kwa ajili yako, dada, nitafanya." Na uliponiandikia juu ya wino, nilijua mkono ni wake kabla hujanitajia. Ndiyo sababu nilikuacha umshuku yule mzee asiye na hatia, na ndiyo sababu nilikwambia unyamaze kwa jina la Mungu. Hilo la mwisho ndilo linaloniuma zaidi.

Watu hapa wananiita mama wa maombi. Nimewaombea wenye homa, wenye kesi, wenye waume walevi. Nimemwomba Mungu kila kitu isipokuwa hilo moja. Hapo nilikuwa napita haraka, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa.

Niliposoma ulivyosimama pale dirishani na hofu yako, niliona aibu, na nyuma ya aibu kulikuwa na kitu kingine ambacho sikijui jina. Siombi unisamehe katika barua hii. Nilitaka tu nikujibu.

Shangazi yako


19 Juni

Shangazi,

Shikamoo.

Yule mama aliyepelekwa mbali alifika. Mtoto ni wa kiume, wote wazima. Habari zilikaa siku tisa njiani, na kwa siku hizo tisa sikuwa na hakika hata kidogo kwamba nilifanya vema. Bado sina hakika kama nilivyotaka niwe nayo. Wangekufa, wino ungebaki kuwa wino, lakini sijui ningeweza kusema hivyo kwa mdomo wangu.

Fundi alikuja akabadilisha kifaa cha kupimia joto na mpira wa mlango, kazi ya siku mbili. Operesheni zimeanza. Yule mwashi amepasuliwa na amerudi kwenye utani wake. Mimi nimehamishiwa kwenye ufuaji wa mashuka. Wamesema si adhabu. Mzee Kimya anakuja saa ya chai, anakaa nami kwenye benchi, hasemi kitu. Jana alisema, "Mwenzio wa chumba anakusifia kwa watu, anaona haya kukwambia." Hayo ni maneno ya mwezi mzima kwake, kwa hiyo lazima ni kweli.

Metroni hatarudi. Alikuja kuchukua vitu vyake, nikamsaidia kubeba sanduku hadi langoni. Aliposhika sanduku alisema, "Mwambie shangazi yako nimechoka." Nimekwambia.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Bado sijakusamehe. Nasema hivyo kwa sababu uongo mwingine kati yetu siutaki. Nitafika, lakini bado niko njiani.

Umeandika kwamba hajasikia hadi leo. Umejuaje kuhusu leo? Mwanamke huyo yuko wapi, Shangazi?

Chiriku


11 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kwa ajili ya huyo mama na mwanawe. Kuhusu mimi na wewe, nenda kwa mwendo wako. Nitakuwepo.

Umeuliza yuko wapi. Yupo kanisani kwetu, benchi la nne, upande wa dirisha. Nimekaa nyuma yake Jumapili zote hizi. Yule mshonaji wa sare za shule asiyesikia, aliyekushonea gauni la kipaimara, ukanung'unika kwamba mikono imebana. Ndiye.

Baada ya barua yako nilikaa siku nne. Kila siku nilikuwa na sababu: goti, mvua, mjukuu ana homa. Siku ya tano sababu ziliisha nikaondoka. Kwa kuwa hasikii, ilinibidi kuandika. Niliandika yote kwenye karatasi mbili, jina la dawa, siku zile sita, karatasi iliyobadilishwa. Jina la mwenzangu sikuliandika. Hilo ni lake kulisema. Njiani nilisali sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali: "Twende."

Alikuwa kwenye cherehani. Alinisalimu kwa mkono, akadhani nimeleta nguo. Nikampa karatasi. Alisoma amesimama, kisha akakaa akasoma tena. Nilimtazama uso nikitafuta chochote, sikukipata. Alichukua ile chaki ya kuchorea vitambaa, akaandika kwenye kipande cha kitambaa cheusi kilichokuwa mezani: "Kwa nini leo?"

Nikaandika chini yake: "Kwa sababu niliogopa hadi leo. Na leo naogopa pia."

Akaandika: "Mume wangu aliniacha kwa sababu ya masikio haya. Nilimwambia ni mapenzi ya Mungu." Kisha akainuka, akafungua mlango, akasimama pembeni yake hadi nilipotoka.

Jumapili nilitaka kubaki nyumbani. Nilikwenda, nikakaa pale pale, kwa kuwa kuhama benchi kungekuwa kukimbia tena. Yeye hakuja. Watu wakaniuliza, "Mwenzako yuko wapi leo?" Nikasema nimemkosea, na kosa lenyewe nitalieleza yeye akiruhusu. Kuna wanaoninong'ona sasa, na mke wa mchungaji ananitazama kama anayepima kitambaa. Naona inavyokuwa, mwanangu, kukaa mezani peke yako.

Jumapili hii alikuja. Alipita benchi la nne, akaja la tano, akakaa kando yangu, tukiwa tumeacha nafasi ya mtu mmoja kati yetu. Hakunigeukia ibada nzima. Wakati wa kutoka aliweka karatasi juu ya mkoba wangu. Ameandika: "Njoo Jumanne asubuhi. Njoo na miwani. Nina maswali mengi, na utajibu yote."

Kesho ndiyo Jumanne. Sijui ananiita kwa heri au kwa shari, na sina haki ya kuuliza. Gauni nimeshalipiga pasi. Kalamu nimechukua mbili, moja isije ikakauka katikati.

Shangazi yako